Sabuni Chini ya Godoro

Kisangani, Kabondo
17 Septemba 2023

Papa mkubwa Asumani,

Asalaam aleikum. Barua hii inakuja pamoja na chupa ya mawese ambayo Fiston ameapa hataifungua njiani. Fiston ni mchuuzi wa vitenge, anashuka mpaka Kalemie na kuvuka ziwa. Anasema Ujiji ni mlango wake wa pili, nami nimemwamini kwa sababu sina mwingine. Najua simu haikufai tena tangu masikio yako yalipochoka.

Papa, mdogo wako, hajambo. Bado anashona viatu karibu na msikiti, ila siku hizi sindano inaingia kidoleni mara nyingi kuliko inavyoingia kwenye ngozi. Dada yangu Aziza amejifungua mtoto wa tatu, msichana. Walitaka kumwita Khadija, jina la shangazi. Papa akasema wangoje kwanza wakuulize wewe. Unajua kila Rajabu anasoma dua ya shangazi, na kila Rajabu anasema hakumbuki sura yake, kwa sababu yeye alikuwa mgongoni mwa Bibi.

Sasa jambo lenyewe. Tangu Julai nafanya kazi katika kituo cha watoto cha Mama Agathe, hapa hapa Kabondo. Watoto ni arobaini na mmoja. Wengine ni yatima, wengine walipoteana na wazazi katika mapigano ya ng'ambo ya mto na hatujui kama wazazi hao wako hai. Mimi ni mlezi wa mchana: kuamka, kuoga, kula, masomo.

Tarehe 4 shule zilifunguliwa. Tarehe 6 mkuu wa shule aliturudishia watoto kumi na tisa. Upele. Walirudi wamepanga mstari, mikoba mgongoni, wanajikuna, na watoto wa mtaa wanawaimbia nyuma, "Kituo ya kujikuna! Kituo ya kujikuna!"

Wiki ile ile ofisi ya mambo ya jamii ikatuarifu kwamba watapita baada ya Pasaka. Wakikuta hali ni hii, watoto watagawanywa katika vituo vingine, kila kituo kichukue wale kinaoweza kuwapokea. Tuna ndugu jozi sita. Kuna Aimée, wa miaka kumi na moja, na mdogo wake Benie, wa miaka minne, ambaye hata uji haugusi mpaka amwone Aimée ameketi. Nimejaribu kuwaza hao wawili wanapandishwa toleka mbili, baiskeli moja inakwenda huku, nyingine kule, na nimekataa. Sijui nitafanyaje, lakini nimekataa.

Mama Agathe ananiambia, "Zaina, hii batoto unawafundisha leo, kesho basahau. Alors?" Wewe ulifundisha somo la usafi miaka ishirini na moja katika mji huu. Niambie nianzie wapi.

Mwanao,
Zaina


Ujiji
29 Oktoba 2023

Mwanangu Zaina,

Aleikum salaam. Chupa imefika ikiwa imepungua vidole viwili. Mwambie Fiston nimepima. Nilipika maharage kwa mawese yale na nyumba nzima ikanuka Kisangani. Jirani aliuliza ni nini, nikamwambia ni dawa ya goti. Goti lenyewe halijapona. Je, ngazi za kushukia mtoni pale sokoni bado zipo, au maji yamezila? Ni miaka ishirini na tatu tangu nilipotoka, wiki ile majeshi mawili ya kigeni yalipopigania mji wetu kana kwamba ni mali yao, na katika kichwa changu ngazi zile bado ni kumi na nne.

Mtoto wa Aziza wampe jina wanalolipenda wao.

Tuanze na upele. Sabuni peke yake haimuui mdudu wa upele. Omba dawa ya kupaka katika kituo cha afya, na siku ya kupaka iwe moja kwa watoto wote arobaini na mmoja, wenye upele na wasio nao, na walezi, na wewe mwenyewe. Siku hiyo hiyo nguo na mashuka yachemshwe, magodoro yatolewe juani. Wapakwe tena baada ya juma moja. Ukiwapaka wale kumi na tisa tu, mwezi ujao utakuwa na ishirini na watano.

Baada ya hapo, usifundishe kitu. Najua unangoja nikutumie masomo, na ninayo, yamejaa daftari mbili. Yaache. Waulize kwanza. Mwite mtoto mmoja mmoja, mbali na wenzake, umuulize mikono inanawiwa lini, kwa nini, kwa kitu gani. Meno, kucha, nguo ya ndani. Yaandike majibu katika ukurasa wa kushoto. Kisha, kwa siku sita, keti mahali wasipokuona na uhesabu wanachofanya. Hayo yaandike ukurasa wa kulia. Mimi nilikuwa mwalimu wa ukurasa wa kushoto. Niliuliza, wakajibu vizuri, nikatoa alama nzuri, na sikwenda kamwe kuketi karibu na choo cha shule.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa katika nyumba ya namna hiyo, nilipokuwa mdogo, miezi kadhaa. Si jambo la kueleza. Nalitaja tu ili ujue kwamba sitoi haya yote vitabuni.

Usikubali kuchoka kabla ya Pasaka.

Asumani


Kisangani, Kabondo
10 Desemba 2023

Papa mkubwa,

Salaam nyingi. Ngazi zipo. Nimeshuka kuzihesabu kwa ajili yako: ni kumi na moja, tatu zimeliwa na maji. Mtoto wa Aziza amepewa jina la Khadija na ana sauti ya kuita watu wa Lubunga bila kuvuka mto.

Nimefanya kama ulivyosema. Ukurasa wa kushoto: watoto thelathini na saba walinitajia nyakati za kunawa mikono bila kusita. Wanne waliobaki ni wadogo wa kimo cha Benie. Wanaimba hata wimbo. Yannick, wa miaka tisa, mchekeshaji wetu, alitaja zote kisha akaongeza, "Na nikiisha kumusalimia mutu wa serikali."

Ukurasa wa kulia: nilikaa siku sita nyuma ya ukuta wa jiko, penye tundu linalotazama choo na ndoo ya koki. Katika kila watoto kumi waliotoka chooni, mmoja alinawa kwa sabuni. Na huyo mmoja mara nyingi alikuwa Yannick, ambaye alikuwa ameniona. "Mama Zaina," akaniita kupitia tundu, "unahesabu mikono sawa vile tuko na tatu tatu?"

Sasa nikueleze kuhusu sabuni. Kila Jumamosi nakata miche kwa waya na kumpa kila mtoto kipande cha juma zima. Jumatatu penye ndoo hakuna hata povu. Nilidhani wanaziuza. Tarehe 18 Novemba, siku ya dawa, tuliwaambia watoe magodoro nje. Kila mtoto akabeba godoro lake mwenyewe, hataki kusaidiwa. Israël, mkubwa kuliko wote, mwenye sauti ya mwanaume tayari, alikuwa analia. Nililigeuza la Aimée na kipande cha sabuni kikaanguka kutoka kwenye mshono. Kisha kingine. Katika magodoro yote tulitoa vipande mia moja na ishirini, vingine vimekauka mpaka vimepasuka.

Nikamuuliza, "Aimée, hii ni nini?"

"Sabuni."

"Mbona hunawi nayo?"

Aliniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Mama Zaina, siku maman atakuja kutuchukua, nitatoka hapa mikono mitupu? Sahani iko ya kituo. Robe hii ninavaa iko ya kituo. Godoro iko ya kituo. Hii, ulinipa mu mukono yangu."

Nimewarudishia vyote mpaka nitakapokusikia. Dawa imefanya kazi: kumi na wawili wamekubaliwa shuleni, saba bado. Lakini tumbo la kuhara halituachi, na Benie amepungua uso.

Nilimsomea Papa barua yako. Nilipofika pale uliposema ulikaa katika nyumba ya watoto, alinishika mkono akasema, "Rudilia." Hajawahi kusikia. Anauliza ilikuwa wapi, na kama shangazi Khadija alikuwa na wewe.

Mwanao,
Zaina


Ujiji
21 Januari 2024

Zaina,

Salaam. Mimi ni mzima. Mvua ni nyingi. Msalimie baba yako.

Zikusanye sabuni zote. Usingoje Jumamosi. Usimwachie mtoto hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Ziyeyushe pamoja, fanya mche mmoja mkubwa, uufunge kwa kamba penye ndoo, na ufunguo wa stoo ushike wewe. Mtoto asiwe na sabuni yake. Akiwa na sabuni yake ataitunza, na sabuni inayotunzwa haimsafishi mtu.

Wakilia, walie. Hakuna aliyekufa kwa kulia. Mikono michafu inaua, nayo inaanza na wadogo.

Mengine mliyoyauliza ni ya zamani.

Asumani


Kisangani, Kabondo
25 Februari 2024

Papa mkubwa,

Salaam kutoka kwetu sote. Nimefanya ulivyoagiza. Nilikusanya vipande wakati wakubwa wako shuleni na wadogo uwanjani, nikaviyeyusha katika sufuria la kituo. Mche umefungwa kwa kamba, ila ufunguo wa stoo hauondoki shingoni mwa Mama Agathe. Nauleta asubuhi, saa sita na jioni, naushika, wanapita kwa mstari. Hakuna anayeimba. Yannick hanitanii tena.

Upele umebaki kwa watano. Watoto wote arobaini wanakula vizuri. Nadhani ofisi itaridhika.

Papa amesoma dua ya Rajabu. Anauliza kama swali lake lilikufikia.

Zaina


Ujiji
18 Machi 2024

Mwanangu Zaina,

Ramadhani njema kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako imenifikia jana alasiri, nami nimeisoma mara nne. Septemba uliandika watoto arobaini na mmoja. Sasa unaandika wote arobaini. Desemba ulisema Benie amepungua uso. Sasa hata jina lake halimo. Yuko wapi?

Nilimwita mtoto wa jirani akutumie ujumbe kwa simu. Akasema, "Haya babu, taja, naandika." Nikafungua mdomo, nikaona siwezi kumtajia mtoto wa jirani maneno haya. Basi naandika, na safari hii barua haitamngoja Fiston. Kuna mwalimu anayeondoka kesho, naye atashuka kwa ndege hapo kwenu, uwanja wa Bangboka, kabla ya Pasaka.

Acha nijibu kwanza mlichoniuliza Desemba.

Mwaka 1964, vita vilipoingia mjini, mama yetu alikuwa na watoto watatu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Khadija mitano, baba yako alikuwa ananyonya. Njia ya kukimbilia Ubundu ilikuwa ya miguu, ndani ya msitu, na mgongo wake ulikuwa mmoja. Alituacha mimi na Khadija katika nyumba ya watoto iliyokuwako Lubunga. Mlangoni akanipa mche wa sabuni, mzima. Sijui aliupata wapi siku zile. Akaniambia, "Tunza. Nitarudi mbele haijaisha."

Nami nikapiga hesabu ya kitoto. Ikiisha kabla hajarudi, hatarudi. Kwa hiyo nilihakikisha haiishi. Niliifunga katika kitambaa nikawa nailalia. Khadija alikuwa na namna yake ya kuiomba. Hakusema kitu. Alininyoshea viganja viwili pamoja, kama mtu anayeomba dua, nione vilivyochafuka. Nikamwambia, "Maji yanatosha." Nilimwambia hivyo kila siku kwa miezi mitatu. Kisha akaanza kuhara damu, na siku ya nne wakamzika. Baadaye walipomwambia mama kwamba ilikuwa homa, niliwaacha waseme homa.

Mama aliporudi nilimkimbilia na mche wangu. Nilimwonyesha kabla hata ya kumsalimu. Aliutazama, akauliza, "Na Khadija?" Nilipomwambia, hakulia kwa sauti. Alinishika mkono tukashuka mtoni, akaniosha kwa mche ule, kichwa mpaka unyayo, na nguo zangu, na mimi tena, na tena, jua likageuka, ngozi yangu ikawaka, mpaka mkononi mwake kikabaki kitu chembamba kama jani. Akakiachia maji. Hatukuligusa jambo hilo siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipofariki. Sijui mpaka leo kama alikuwa ananiadhibu au alikuwa anashukuru kwamba mmoja amebaki.

Hiyo ndiyo sababu niliomba kufundisha somo la usafi wakati wenzangu walitaka hesabu na Kifaransa. Na hiyo ndiyo sababu ya barua yangu ya Januari. Haikuandikwa na mwalimu. Iliandikwa na mtu anayetaka kumnyang'anya mtoto wa miaka tisa mche wake, naye amechelewa miaka sitini.

Nilikosea, Zaina. Mtu hawezi kutumia kitu kikiwa ndicho pekee alichonacho. Wape viwili. Kimoja cha kuweka: mtoto achonge jina lake, akifiche anapopenda, na wewe usikiulize kamwe. Kingine cha kutumia, na kikiisha, siku yoyote, apewe kingine bila swali. Aone kwa macho yake kwamba kitu kikiisha kinakuja kingine. Hilo ndilo somo lililokosekana. Mengine yote wanayajua. Ulinionyesha mwenyewe katika ukurasa wa kushoto.

Msomee baba yako barua hii. Sitaki aisikie kwa mtu mwingine.

Na kuhusu Benie niandikie neno moja tu, hata kama ni lile.

Asumani


Kisangani, Kabondo
28 Aprili 2024

Papa mkubwa,

Benie yuko hai. Nimeandika hilo kwanza ili mengine uyasome bila hofu. Yuko hapa mezani, anakula ndizi ya kuchoma na ameshanipaka mafuta kwenye mkono wa nguo.

Sasa salaam. Idi ilikwenda vizuri, Papa alivaa kanzu uliyomwachia wewe, Khadija mdogo ana meno mawili.

Nilikuficha. Siku ya tano baada ya kuchukua sabuni, Benie alianza kuhara. Alilala hospitalini siku kumi na saba, mpira wa maji mkononi. Barua ile ya Februari niliiandika kwenye benchi la hospitali. Kuandika arobaini na mmoja niliogopa, kwa sababu asubuhi hiyo daktari hakuniahidi kitu. Kuandika sababu niliogopa zaidi.

Sababu alinipa Aimée, pale pale kwenye benchi. Alikuwa hajaongea na mimi tangu siku ya sufuria. "Mimi nilikuwa namunawisha," akasema. "Kila asubui, nyuma ya chambre ya kulala, na kila akitoka choo. Na kipande yangu ya zamani, polepole, isiishe mbiyo. Ulichukua. Alors nikabaki na maji."

Papa mkubwa, siku zile sita nilihesabu penye ndoo tu. Aimée hakuwa anamnawisha Benie penye ndoo. Nilikuwa nimempa mgongo. Na mche wangu wa kamba ulikuja mara tatu kwa siku, wakati tumbo la mtoto wa miaka minne halijui saa. Nimefikiri sana kama nikuandikie hili au nisikuandikie. Nimeandika kwa sababu ungehesabu na ungegundua.

Barua yako ilifika tarehe 26 Machi. Nilimsomea Papa kibandani kwake. Alikuwa ameshika kiatu cha mteja na hakukiweka chini mpaka mwisho. Nilidhani amekasirika. Kisha akanionyesha viganja vyake viwili pamoja, hivi, vyenye gundi.

"Hivi?"

"Ndiyo, Papa, ndivyo alivyoandika."

"Sura yake sikukuwa nayo," akasema. "Sasa niko na mikono yake." Akaendelea kushona. Baadaye tena akaniita nikiwa barabarani: "Zaina! Muambie alikuwa na miaka kenda. Muandikie kenda kwa herufi kubwa." Basi: wewe ulikuwa na miaka KENDA, mtoto wa miaka tisa tu.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka nilimwomba Mama Agathe sabuni mara mbili ya kawaida. "Ya kuficha?" akasema. "Zaina, unapoteza kichwa. Sabuni ya kuficha!" Nikamwambia, "Ndiyo, Mama, ya kuficha. Na ufunguo wa stoo uniachie mpaka ofisi ipite. Tukishindwa, utanifukuza mimi." Alinitazama, akauvua shingoni.

Nilisimama mbele ya watoto nikawaomba msamaha. Sijawahi kuona watoto wanaona haya kwa ajili ya mtu mzima. Walitazama miguu yao. Kisha wakachonga majina kwa misumari. Israël alichonga jina la mama yake. Juma la kwanza hakuna aliyetumia hata kimoja. Juma la pili Yannick alikuja na kiganja wazi, mbele ya wote, kama mwanasheria. "Imeisha." Nilijua ameisugua kwenye jiwe kunijaribu. Nikampa nyingine, sikuuliza. Kabla ya chakula cha mchana walikuja sita wengine. Siku ile wimbo wao ulirudi.

Tarehe 18 Aprili ofisi ilipita. Ni mama mmoja wa makamo, miwani mikubwa, hana maneno mengi. Aliwauliza watoto maswali, wakajibu yote. Nikamwambia, "Mama, huo ni ukurasa wa kushoto. Njoo uone wa kulia." Nikamketisha nyuma ya ukuta wa jiko, mkoba magotini, saa nzima. Benie akatoka chooni peke yake. Akasimama kwa vidole vya miguu, akafungua koki, akasugua, akasuuza, akanusa viganja, akasugua tena. Hakuna aliyemtuma.

Kisha yule mama akakagua mabweni. Akagusa godoro la Aimée, akahisi kitu. "Na hii kigumu, iko nini?" Nikamwambia, "Ni mali ya mtoto, Mama. Sisi hatufungui." Mkono wake ulikaa pale kidogo. Kisha akauondoa, akatandika shuka vizuri kama alivyolikuta.

Hawagawanywi. Jozi sita zote ziko pamoja. Atarudi Septemba kuhesabu tena, na ana haki: katika kila kumi wanaotoka chooni, sasa wananawa saba. Ni saba, si kumi. Sitakudanganya tena kwa hesabu. Upele umebaki kwa mmoja, naye ni Yannick, anayesema ananilindia kazi yangu.

Fiston anakuletea vipande viwili. Nilikuwa nakata na Aimée akaniuliza, "Papa mukubwa yako iko na zake?"

"Zake nini?"

"Sabuni. Ya kutumia na ya kuweka."

Nikamwambia wewe ni mzee, una nyumba yako, cha kuweka cha nini. Alinicheka mpaka akakaa chini. "Mama Zaina! Kwani bazee hawangojaka mutu?"

Kile chenye herufi A ndicho cha kuweka. Hakujua kama A ni ya Asumani au ya Aimée, akasema wewe utaamua.

Mwanao,
Zaina


Ujiji
9 Juni 2024

Mwanangu Zaina,

Salaam kwako, kwa baba yako, kwa Aziza na kwa Khadija mwenye meno mawili, ambayo sasa lazima yamekuwa manne. Goti ni lile lile. Nimempima Fiston na safari hii hakupunguza kitu.

Nimemuuliza habari za njia ya Kalemie. Anasema mtu wa goti anaweza kuifanya kwa mapumziko, akitoka hapa mapema. Rajabu ijayo dua ya Khadija nataka niisome mimi, na baba yako aketi karibu. Nitashuka pia zile ngazi kumi na moja, mradi mtu anishike mkono.

Ufunguo wa stoo usiurudishe. Saba ni nyingi, lakini Septemba anza kuhesabu wewe kabla yule mama hajafika, na uhesabu na nyuma ya bweni pia.

Vipande vyote viwili nilivipanga dirishani siku tatu, nikivitazama. Cha A, kigumu, pembe zake kali, kinanuka mawese kwa mbali. Leo, kabla ya adhuhuri, nilichota maji, nikanyosha viganja viwili pamoja, nikavitazama vilivyo. Kisha nikanawa mpaka povu likajaa beseni.

Mwambie Aimée kwamba wazee nao hungoja. Mwambie nimeanza na kile cha kuweka.

Asumani